Aseme Mbele ya Mama Yake

Nilipougua malaria ile ya mwisho, kidonda kilinitokea pembeni mwa mdomo, palepale kinapotokea kila mara. Kwanza pananichoma, halafu malengelenge madogo madogo yanajaa, yanapasuka, yanakauka na kubaki gaga. Jirani yangu wa sokoni, mama anayeuza mitumba, aliniangalia akafurahi. "Sasa umepona," akasema. "Homa imetokea mdomoni." Huku kwetu kila mtu anasema hivyo. Mama yangu alisema hivyo Ndhiwa nikiwa mtoto, naye kila akiugua alitokwa na kidonda kama hicho, na hakuna aliyekiita ugonjwa. Kilikuwa dalili nzuri. Nilikipaka vaselini nikarudi kwenye cherehani.

Mimi nashona nguo Rongo, sare za shule zaidi, na za kwaya msimu wa makambi ya kanisa ukikaribia. Nilikuwa mjane. Mume wangu aligongwa akiwa kwenye pikipiki, na kabla udongo wa kaburi haujakauka shemeji zangu walikuja na maneno yao. Nirithiwe na mmoja wao. Kama sitaki kurithiwa, basi nikubali kulala na mwanamume wa kuletwa, mara moja tu, ili uchafu wa kifo unitoke. Nikawaambia uchafu uko vichwani mwao. Walinifokea, nami niliwafokea zaidi, maana nikikasirika huwa sina breki. Mzee mmoja akanionya kwamba mwanamume yeyote atakayenigusa kabla sijatakaswa atapata chira. Chira ni laana ya mtu aliyevunja mwiko; inamla mwilini polepole, vidonda vinamtoka, anakonda, anakwenda. Nilicheka, yawa. Nilicheka mbele yao nikachukua vitu vyangu nikaja Rongo.

Halafu nikampata yeye. Alikuwa fundi wa injini za mashua kule Karungu, Msabato kama mimi, umri umeenda kidogo na hajaoa, mpaka mama yake alikuwa anafunga na kuomba kwa ajili yake. Tulijuana kwenye makambi. Alikuja kwangu na shati la kwaya limepasuka kwapani, akaniambia, "Dada, sauti ya besi imenipasua nguo." Nikamwambia si sauti, ni ugali. Tangu siku hiyo hatukunyamaza. Mwanamume anayekufanya ucheke ukiwa na pini mdomoni ni hatari, unaweza kuzimeza. Nilimpenda. Sioni haya kusema.

Mchungaji alituambia kabla hajatutangaza kanisani twende tukapimwe. Sasa, mtu wa Migori au Homa Bay akisema kupimwa, anamaanisha kitu kimoja tu. Ukimwi umetuzikia watu wengi mno, na tumepimwa mara nyingi mno, hata neno lenyewe halina nafasi ya ugonjwa mwingine. Tulikaa pamoja kwenye benchi, tukatobolewa vidole pamoja, tukaambiwa hatuna. Tulitoka tumeshikana mikono mchana kweupe. Kuanzia hapo tulijihesabu wasafi wa kila kitu kilichoko chini ya jua. Hakuna aliyetuambia tumepimwa kitu kimoja kati ya vingi, na sisi hatukuuliza. Tungeulizia nini? Tulikuwa sawa.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba hatutalala pamoja hadi ndoa. Tulishika ahadi hiyo, na ninasema hivi nikijua utacheka, kwa sababu mwili ni mwili na tulitafuta njia ya pembeni. Tulijiambia kwa mdomo si kulala. Hakuna mimba, hakuna ugonjwa, na dhambi yenyewe labda nusu. "Tena Biblia haijataja mdomo," aliniambia, amejifanya mzee wa kanisa. Nilimpiga na kitambaa. Ilikuwa Jumapili mchana, baada tu ya malaria yangu ile, na gaga la mdomoni lilikuwa bado halijabanduka lote. Alilishika kwa kidole akaniuliza kama linauma. Nikamwambia hapana, hiyo ni homa inaaga.

Wiki ile haikuisha vizuri kabla hajanipigia simu. Sauti ilikuwa si yake. Alikuwa na homa, kichwa, mitoki kwenye kinena imevimba, na huko chini ametokwa na malengelenge yanayouma kiasi kwamba kukojoa kulimliza. Alikuwa amekwenda duka la dawa Karungu, muuzaji akamwangalia usoni bila kumwangalia kwingine, akamwambia ni kaswende, akamdunga sindano. Haikusaidia kitu. "Umenipa nini?" akaniuliza. Nilikaa na ile simu mkononi nikiwaona wale mashemeji wote wamepanga foleni mbele yangu, wakinicheka sasa wao.

Tulikwenda Homa Bay mjini, kliniki ambayo hakuna anayetujua. Daktari alikuwa mtu wa makamo, amechoka, anapiga miayo bila kuficha. Alimpima yeye nyuma ya pazia, akarudi akanawa, akaniangalia mdomo wangu kwa muda. Palikuwa pamebaki alama tu. Akauliza, "Hiyo ilikuwa nini?" Nikasema malaria. Akauliza kama tulifanya kwa mdomo. Mungu wangu! Niliangalia sakafu, mpenzi wangu akaangalia dirisha. Tulikuwa watu wazima wawili tumekaa kama watoto walioiba sukari. Mwishowe mimi ndiye niliyesema ndiyo.

Akatueleza. Alisema kile ninachokiita homa ya mdomo si malaria hata kidogo. Ni virusi vya herpes, aina ya kwanza. Vikishaingia mwilini havitoki. Vinalala kwenye mishipa ya fahamu, na mwili ukichoka kwa malaria au kwa mawazo vinaamka na kutokeza malengelenge palepale. Watu wengi sana wanavyo, na wengi waliviokota utotoni, kwa mate ya mtu aliyewapenda. Nikamkumbuka mama yangu akionja uji kwa mdomo ili usituunguze, halafu kijiko kilekile kwetu. Kutoka mdomoni, daktari akasema, vinaweza kumwingia mtu sehemu za siri kwa njia hiyohiyo mliyotumia. Hatari ni kubwa zaidi kidonda kikiwepo, hata kikiwa kinakauka. Lakini hata kidonda kisipoonekana, siku nyingine virusi hutoka kwenye ngozi kimyakimya. Mpira unapunguza, hauzuii kabisa.

Nilimwuliza, kwa hiyo mimi ndiye niliyempa? Akasema inaelekea hivyo. Mimi, kwa mdomo huu huu ninaoimbia.

Damu yetu ilichukuliwa sote wawili. Majibu yakaja: mimi ninavyo vya aina ya kwanza. Yeye hana. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa sikujua siku ile. Alisimama. Alisema, "Si unaona? Mimi sina kitu. Damu yangu ni safi." Daktari akamwambia akae chini. Akamweleza kwamba kile kipimo hakitafuti virusi vyenyewe, kinatafuta askari ambao mwili huwaandaa kupigana navyo, na mwili unachukua wiki nyingi kuwaandaa, wengine hata miezi. Ukipima mapema hivi, utaambiwa huna na huku unauguza vidonda. Na hata baadaye kikisema unavyo, hakisemi ulivipata lini, wala kwa nani, wala viko mdomoni au chini. Kitu cha kuaminika kwa sasa ni kidonda chenyewe. Akachukua kijiti chenye pamba, akakifuta kwenye lengelenge bichi, akakituma maabara. Mpenzi wangu alipiga kelele nikiwa nje ya pazia.

Daktari akampa vidonge, akasema vinapunguza makali, haviponyi. Vidonda vitakauka vyenyewe kwa vyovyote vile. Huenda vikarudi siku nyingine, ila aina hii ikiwa huko chini kwa kawaida hairudi mara nyingi. Si kifo. Watu wanaoa, wanazaa, wanaishi navyo, mradi wanaambiana ukweli. Tulirudi wiki iliyofuata kusikia majibu ya kijiti. Aina ya kwanza. Ile ya mdomo. Daktari akasema arudi baada ya miezi mitatu apimwe damu tena, atawaona wale askari. Mpenzi wangu aliitikia kwa kichwa. Alisikia kila neno. Hilo ndilo nataka ulishike: tulikaa viti viwili vilivyogusana, na alisikia kila neno.

Maana kufikia hapo mama yake alikuwa ameshajua. Mtu hawezi kulala kitandani nyumbani kwa mama yake, anatembea miguu imeachana, anakojoa akilia, na mama asijue. Alimuuliza umelala na nani, akasema na mimi. Akamuuliza kama yule mjane alitakaswa. Basi. Kwa mama yule hakukuwa na swali lililobaki. Mwanawe wa pekee wa kiume amemgusa mjane asiyetakaswa, na vidonda vimemtoka. Hata mimi ningekuwa yeye ningeamini. Akaletwa mganga, akachemshiwa manyasi, dawa ya miti ya kuvunja chira, akanywa na kuogeshwa. Na unajua kilichotokea? Vidonda vikakauka. Vilikuwa vinakwenda kukauka, daktari alishasema vitakauka vyenyewe, lakini vilikauka mganga akiwa amesimama hapo. Mimi ningeshindana na nini?

Nje ya kliniki ile, siku ya majibu ya kijiti, nilimshika mkono. Nilimwambia sitaki kitu kingine kwako. Usininunulie pete, usinijengee nyumba. Nataka useme mbele ya mama yako yale tuliyoambiwa humo ndani. Kwamba si chira. Kwamba si mume wangu marehemu. Kwamba ni kidonda cha mdomo ambacho hata yeye mama yako pengine anacho. Akasema, "Nitamwambia." Nikamuuliza utamwambiaje? Akaanza kuchokoa grisi kwenye kucha. Nikaelewa kinachomkwama. Kumwambia mama kwamba ni cha mdomo, lazima kwanza amwambie mdomo ulifika wapi. Mwanamume wa kwetu anaweza kumkubalia mama yake kwamba amelala na mwanamke. Mama anajua wanaume. Lakini hilo lingine? Afadhali afe na chira kabisa. "Nipe muda," akasema. "Nitatafuta maneno."

Nilimpa muda. Nilishona sare nyingi sana wakati ule, na nyingi nilizifumua tena kwa sababu mikono haikuwa yangu. Nilimpigia simu, akawa anapokea, halafu anapokea kwa kuchelewa, halafu ananiandikia yuko kwenye injini. Nilianza kumuuliza vitu vya kipumbavu. Je, umekula? Je, bado panauma? Akajibu, "Nilipona." Nikamwandikia kwamba kupona kwa hicho kitu hakupo, si ulisikia? Nilikaa na hasira mpaka nikavunja sindano ya cherehani.

Mwishowe, miezi mitatu ikiwa imeshapita, niliitwa Karungu. Alinipigia yeye mwenyewe, akasema wazee wanataka tukae tuzungumze, kuna njia imepatikana. Ile "njia" ilinipa matumaini, mjinga mimi. Nilivaa gauni langu la Sabato nikaenda.

Walikuwa wanne sebuleni: yeye, mama yake, shangazi yake, na baba yake mdogo ambaye ndiye aliyesimama mahali pa baba aliyekufa. Tulipewa samaki tukala. Mama yake hakuwa mtu mbaya, ningependa angekuwa mbaya. Aliniwekea kipande cha kichwa, akaniita nyathina, yaani mwanangu, akaniuliza habari za mama yangu Ndhiwa. Mpenzi wangu hakula. Alikaa karibu na mlango akichokoa grisi kwenye kucha.

Baada ya kunawa, baba mdogo akasema hawana neno na mimi. Wamesikia nina bidii, wamesikia nina mdomo lakini hiyo si dosari. Kijana wao ananitaka. Basi wanachoomba ni kidogo: nirudi nyumbani kwa marehemu mume wangu, nikubali kutakaswa, halafu nije kwao nikiwa safi, na arusi iwe. Kama mashemeji zangu hawanitaki tena, kuna mtu anayefanya kazi hiyo, yuko upande wa ziwani, wamezungumza naye tayari. Ni usiku mmoja. "Mwanangu, ni usiku mmoja tu," mama yake akasema, na alisema kwa huruma ya kweli.

Nikauliza, "Huyo mtu ametakasa wajane wangapi?"

"Wengi," baba mdogo akajibu. "Ni kazi yake."

"Amepimwa?"

Akacheka, si kwa ubaya. "Apimwe kitu gani? Yeye ndiye anayeondoa."

Nitasema ukweli, nilifikiria. Sijivunii. Kwa muda mfupi nilikaa pale nikijiuliza kama ningeweza kufumba macho usiku mmoja kisha niwe na huyu mwanamume maisha yangu yote. Nilimwangalia kuona kama angalau anaona uchungu. Alikuwa anaangalia kucha. Na hapo nikaona kitu chote kilivyo. Walitaka niende kwa mwanamume aliyepita kwa wajane wa kata nzima, nichukue kwake Mungu ajue nini, ili nisafishwe kitu nilichopewa na kijiko cha uji. Na mtu mmoja chumbani mle alijua hivyo. Alijua kila neno.

Nikamwambia, "Sema."

Akasema polepole, "Nini?"

"Sema yale tuliyoambiwa Homa Bay. Uliniahidi."

Mama yake akatuangalia kwa zamu. Shangazi akauliza mmeambiwa nini. Nilingoja. Niliwapa nafasi, yeye na Mungu wake. Kuku aliingia mlangoni akatolewa, na bado hakusema.

Basi nikasema mimi. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kidholuo maneno hayo ninayajua kama matusi tu, na matusi sikuyataka katika nyumba ya yule mama. Kiswahili ndicho alichotumia daktari kutuelezea, nikakifuata vilevile. Nilisema hatukulala pamoja. Nilisema kilikuwa kidonda cha mdomo wangu, kile mnachokiita homa. Nikasema kilifikaje kwake. Nikasema kipimo cha damu alichofanya kilikuwa mapema mno, akapime tena sasa, ataona. Nikasema hakuna chira hapa, kuna ugonjwa, na mganga hakuuondoa, na mwanamke yeyote atakayemwoa lazima aambiwe.

Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Yawa! Yawa, mwanamke huyu!" Baba mdogo alisimama akaenda kutema mate nje, akabaki hukohuko nje. Kiswahili walikielewa vizuri sana, wote. Nilibaki nimesimama katikati ya chumba na uso unanichoma, na sikumjali yeyote kati yao. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja.

Mama yake hakupiga kelele. Alimgeukia mwanawe. Akamuuliza kwa Kidholuo, kwa sauti ya chini, kama vile hakuna mwingine ndani: "Mwanangu, ni kweli anayosema?"

Nilimwona anafungua mdomo. Naapa nilimwona anataka. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na mimi moyoni namwambia sema, sema, neno moja tu, ndiyo, halafu nitabeba mengine yote mimi.

"Mama," akasema, "mimi sijui huyu mwanamke anazungumza nini."

Mama yake akapumua. Akasogea karibu naye, akamshika mkono, akamwambia asilie, kwa sababu alikuwa analia kwelikweli, mabega yanacheza, mtu mzima mwenye mikono ya grisi. "Nimeamini, mwanangu," akamwambia. "Nyamaza, nimekuamini." Nilichukua mkoba wangu nikatoka, nikampita baba mdogo uani, naye akasogea pembeni nisimguse.